Mdomo wa Baba kwa Rangi Nne

Ijumaa, jioni. Mawingu tangu asubuhi, mvua haishuki wala haiondoki. Mwananyamala nzima tunatoka jasho tumekaa.

Nipo barazani na simu mkononi, vidole vina rangi, kioo nacho kimeshaingia kahawia. Sina hamu ya kuandika, ila nisipoandika leo nitapasuka. Kwa hiyo nivumilie, shajara. Na nyie mnaopitaga humu kimyakimya bila hodi, mnivumilie vilevile.

Kwa mgeni: naitwa Skola, nina miaka thelathini na minane, kazi yangu kuchora sura za watu kwa rangi za mafuta. Miaka mitatu iliyopita nilirudi nyumbani kwa wazazi na begi moja, nikawaambia nakaa wiki mbili. Baba alikuwa amepigwa na kiharusi. Nikamuuguza miaka miwili, akafariki, na keshokutwa Jumapili ni misa yake ya kutimiza mwaka. Wiki zangu mbili hazijaisha mpaka leo.

Nimekwama. Sina neno lingine la kulipamba.

Baada ya matanga, kikao cha ukoo kilikaa sebuleni kwetu, kikanywa chai, kikaamua kwamba Skola atabaki na mama. Mie nilikuwa jikoni natoa vikombe. Hakuna aliyeniuliza. Sina mume, sina mtoto, kwa hiyo kwa akili zao sina pa kwenda. Kaka yangu Deo ana nyumba Kinyerezi yenye vyumba mpaka vya kufugia mwangwi, lakini yeye ana familia. Shangazi akanyoosha mikono juu, akamshukuru Mungu kwa kunijalia roho ya upole. Roho ya upole, mie! Mliosoma humu tangu zamani chekeni tu, nawaruhusu.

Kwa hasira nikaingia na trei yangu nikatangaza kwamba nitamchora baba. Picha kubwa, ya kutundika pale sebuleni siku ya mwaka wake. Wakapiga makofi. Jioni, wageni wamekwisha ondoka, nikamwambia mama tukiwa wawili, "Mama, nikimaliza hiyo picha naondoka." Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Sawa." Hakuinua hata kichwa.

Hiyo ndiyo ahadi. Nimeijenga mwenyewe kwa mdomo wangu, nikajifungia ndani yake.

Na mlango wa kutokea upo. Rafiki yangu Rehema ana karakana ya uchoraji Bagamoyo, ana chumba cha ziada na watoto wa kufundisha siku za Jumamosi. Amenisubiri mwaka mzima. Juzi kaniandikia: "Shoga, chumba nakishikilia mpaka Jumatatu. Baada ya hapo nampa mwingine, na usininunie." Simlaumu. Hata mie ningeshampa mwingine zamani.

Picha tu. Imalizike picha, basi.

Sasa niwaambie habari ya rangi, maana hapo ndipo watu wanaponishangaaga. Nilikuja na boksi la rangi kumi na mbili. Miaka miwili ya kuuguza sikuligusa, lilikaa juu ya kabati kwenye chumba cha uani, na bati la kile chumba saa nane mchana unaweza kukaangia yai. Nilipolifungua, tyubu nane zilikuwa mawe. Zilizobaki laini ni nyeupe, njano ya udongo, nyekundu na nyeusi. Bluu kwisha. Kijani kwisha.

Ningeweza kuagiza nyingine. Sikuagiza. Nadhani ilikuwa ukaidi: kama mie nimefungwa humu, na rangi nazo zifungwe.

Ila rangi nne zimenifundisha adabu. Baba alikuwa mweusi tii, weusi wa kwetu Songea, na weusi wa ngozi hauchorwi kwa rangi nyeusi. Ukijaribu unapata mkaa wenye macho. Unaanza na nyekundu na njano, unazishusha polepole kwa nyeusi mpaka zitulie. Shingoni, njano na nyeusi zinatoa ukijani fulani wa kivuli. Kwenye paji la uso, pale mwanga wa mlangoni ulipompigaga, unachanganya nyeusi na nyeupe tu, unaweka jirani na ule wekundu, na jicho lako linakuapia kuwa limeona bluu. Bluu haipo. Koti lake la kazi la bluu nimelichora lote hivyo. Deo alipoliona aliniuliza bluu nimeitoa wapi na tyubu yake imekauka, nikaringa siku nzima.

Macho yalikuja. Masikio yalikuja, yale makubwa niliyorithi mie. Pua ikaja.

Mdomo ukagoma.

Baba hakuacha picha. Albamu ilikwenda na maji mwaka ule nyumba ilipofurika mpaka usawa wa kitanda. Imebaki moja tu, ya paspoti, iliyobanduliwa kwenye kitambulisho chake cha kazi. Alikuwa stoo kipa wa kiwanda cha nguo, na mtu aliyegonga ule muhuri sijui alikuwa na ugomvi naye gani, kaugonga katikati ya mdomo. Macho unayaona, pua unaiona, halafu chini ni duara la wino. Na alipougua, mama alikataza mtu yeyote kumpiga picha. Alisema, "Hapana, asiachwe duniani hivyo." Tukatii.

Kwa hiyo miezi yote hii nimekuwa nachora mdomo na kuufuta. Nachora asubuhi, jioni nautazama, nauona ni mdomo wa mtu yeyote tu, nachukua kitambaa nafuta. Mama akipita na ndoo anatupa jicho, anasema, "Bado."

Hilo neno naomba mlielewe. Baba baada ya kiharusi alibakiwa na neno moja tu, nalo ni "bado". Umeshiba? Bado. Unataka kulala? Bado. Padri alimuuliza kama anataka kuungama, akasema bado, padri akasubiri nusu saa nzima. Sasa mama naye akiniambia bado, namsikia baba. Na nilishaanza kuamini anasema makusudi. Kwamba picha isipoisha, mie siondoki, na yeye hilo analijua vizuri sana.

Ndiyo, nimemfikiria mama yangu hivyo. Nimeandika.

Wiki tatu zilizopita nikapata wazo. Nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa Mzee Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, mtani wa baba kwa miaka arobaini. Sie Wangoni na Wanyamwezi ni watani, na mtani hakasirikiwi. Ukimsalimia shikamoo anakujibu, "Marahaba, mtumwa wangu," na wewe unatafuta tusi lako la heshima unamrudishia. Msibani ndiyo usiseme. Siku ya kumzika baba, Mzee Maganga aliingia chumbani bila kuomba ruhusa, akavaa koti la bluu la marehemu na kofia yake, akatoka uani mikono nyuma anakagua waombolezaji. "Wewe! Hilo jembe limetoka stoo kwa karatasi gani? Na huyu analia bila kusaini?" Sauti ya baba kabisa, mwendo wa baba kabisa. Makaburini akalala chini kando ya shimo akagoma kuinuka mpaka apewe kuku. Watu walicheka huku wanalia. Mie nilicheka mpaka nikamwangukia mama mapajani. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza baada ya miaka miwili.

Basi nikamwita. Nikamwambia, Mzee Maganga, njoo uvae lile koti tena, unikalie kitini nione mwanga unavyoshika mdomo wa mzee. Akaja. Kila siku saa kumi, baada ya kahawa yake, anakaa hapa barazani kwenye kigoda cha mama, anavaa koti, anaanza. Kukaa kimya hawezi, anamwigiza baba tangu anakaa mpaka anaondoka. Sharti lake lilikuwa moja tu: haangalii picha mpaka iishe, maana alisema kuchungulia chungu kabla hakijaiva ni tabia ya Wangoni.

Na mdomo ukaja. Jamani, ulikuja jioni moja tu! Umefunguka kidogo, meno ya juu yanaonekana, pembeni kuna mkunjo wa mtu anayekaribia kusema neno la kuchekesha. Rangi nne, hakuna iliyonigomea. Juzi Jumatano nikaweka mwanga wa mwisho kwenye mdomo wa chini, nikarudi nyuma hatua tatu, baba ananicheka.

Nikampiga picha na simu nikamtumia Deo. Akajibu, "Sista, umeua! Mshua mtupu huyu!" Shangazi akatuma sauti, analia hata maneno hayasikiki. Ukoo mzima ukafurahi. Nikaanza kutafuta begi langu.

Mama akaja, akasimama, akafuta mikono kwenye kanga. "Bado," akasema, akaenda kuchochea jiko.

Nilimchukia. Dakika kama tano hivi, nilimchukia kwelikweli.

Jana Mzee Maganga akaja kuona kazi iliyokwisha. Nikamgeuzia picha huku nimejiandaa kutukanwa kwa mapenzi. Hakutukana. Alisogea, akarudi nyuma, akavua kofia yake akaishika kifuani.

"Skola," akasema. "Huyu ni mie."

Nikacheka, nikidhani ni utani.

"Usicheke. Macho ya baba yako, sawa. Masikio, sawa. Mdomo ni wangu. Mdomo huu nauswaki kila asubuhi, nitausahau? Jumapili padri wenu aje aumwagie maji ya baraka, mniombee pumziko la milele, na mie nipo hapo pembeni nakula pilau? Mnanizika mzima mzima? Utani una mwisho, mwanangu."

Nikamwambia mbona watu wote wamesema ni baba, mbona Deo, mbona shangazi. Akakaa kwenye kigoda, taratibu, akasema jambo ambalo limenikaa kichwani tangu jana.

"Kule makaburini nilimwigiza ili mcheke. Kazi ya mtani ndiyo hiyo, kuyafanya machozi yenu yawe mepesi. Sikumleta baba yenu. Mie yule bwana nimekaa naye miaka arobaini, sijawahi kuona meno yake yote. Akifurahi sana alikuwa anapumulia puani, basi. Deo na shangazi yako hawamkumbuki marehemu, wanamkumbuka Maganga aliyevaa koti."

Halafu akasimama, akaanza kuwa mtani tena kwa shida. "Na faini yangu ni jogoo. Tetea sipokei." Akaondoka. Chai niliyomwekea ikapoa na mkate wake.

Hapa shajara ndipo nilipotaka kufika, na ndipo napoogopa.

Nilijua.

Tangu wiki ya pili nilijua ule mdomo si wa baba. Mkono wa mchoraji unajua unamchora nani. Niliendelea kwa sababu yule baba nilimpenda zaidi. Anacheka. Ananiangalia kama mtu anayefurahi kuniona. Baba wa kweli, siku nilipomwambia nataka kusoma uchoraji, alinijibu kwamba stoo yake ina kila kitu na hajawahi kuona mtu akija kuchukua picha. Na baba wa miaka miwili ya mwisho hakucheka wala hakugomba. Alilala kitandani mdomo umepinda, upande wake wa kushoto umeshuka, mate yanatoka bila yeye kujua.

Mama alichana kanga zake mbili kuukuu vipande vipande, viwe vya kumfutia mdomo. Asubuhi, mchana, jioni, na katikati. Kwa zamu, mie na yeye. Baba alipofariki vile vipande vilibaki kwenye beseni chini ya kitanda, vimefuliwa, vimekunjwa. Ni laini kuliko kitambaa chochote, na mie nikavichukua nikawa nafutia brashi. Mama aliniona siku ya kwanza, akapita na ndoo yake.

Kuna siku moja sijawahi kumwambia mtu. Mama alikuwa kwenye sala za jumuiya. Nikaenda Tandale sokoni kununua ndizi za kumpondea baba, jambo la dakika ishirini kwenda na kurudi. Nikanunua. Halafu nikaona meza ya mama mmoja anauza juisi ya ukwaju, nikakaa. Nikaagiza ya kwanza, nikaagiza ya pili. Nikawa natazama wabeba mizigo wanavyopishana na viroba vya viazi mabegani, wanatukanana, wanacheka, kila mtu anakwenda mahali. Nilikaa saa mbili nzima. Sikusahau. Nilikuwa najua kabisa kwamba baba yuko peke yake, na nilikuwa sitaki kurudi.

Niliporudi alikuwa amejaribu kunywa uji mwenyewe. Kikombe kimeanguka, uji umemkauka kidevuni mpaka shingoni, nzi wamejaa. Akanitazama. Kwa aibu nikamuuliza swali la kijinga kuliko yote, "Baba, umeshiba?"

Akasema, "Bado."

Nikamfuta. Nilimfuta vizuri, taratibu, mpaka chini ya masikio. Mama aliporudi sikumwambia, na baba hakuwa na maneno ya kunisemea. Tangu siku hiyo mdomo wa baba ni mahali ambapo mkono wangu ukifika unataka kurudi. Muhuri wa kitambulisho ni kisingizio tu. Mdomo wa baba naufahamu kuliko mtu yeyote chini ya jua, nimeushika kwa vidole hivi miaka miwili. Nilikuwa sitaki kuuona.

Basi. Nimeshasema. Jiko halijalipuka.

Leo saa nane mchana nilikaa mbele ya picha na mambo mawili kichwani. La kwanza, niiache. Mzee Maganga hatatoa siri, nitamchinjia jogoo, Jumapili watu watalia wafurahi, Jumatatu niko Bagamoyo. Hakuna atakayejua. La pili, nifute, na nikifuta huenda nisiweze kuchora tena kabla ya Jumapili, na ahadi yangu ni ahadi, na Rehema atampa mtu mwingine chumba.

Nilikaa muda mrefu. Jirani alikuwa anapiga singeli mpaka bati linatetemeka, na kwa mara ya kwanza sikumkasirikia.

Nikifikiria Bagamoyo nilijiona nimekaa kule, bahari hiyo, karakana hiyo, na huku nyumbani mama anapita kila siku na ndoo mbele ya Mzee Maganga aliyevaa koti la mume wake. Kila siku, mpaka na yeye afe. Atasema bado, mwishowe ataacha hata kusema.

Nikachukua kipande cha kanga, nikakichovya kidogo kwenye thina ya kuyeyushia rangi, nikafuta ule mdomo.

Hazikauki haraka hizi rangi, hasa kwa hewa hii, zilitoka zote. Nilifuta kutoka kona ya kulia kwenda ya kushoto na kushuka, halafu nikakunja kitambaa nikarudia pale chini, kwenye kona. Nilipotoa mkono nikagundua nilichofanya. Nilikuwa nimefuta vilevile nilivyokuwa namfutaga yeye. Mkono umekwenda wenyewe njia yake ya miaka miwili. Na alama iliyobaki, ule ukungu wa kahawia uliobaki kwenye kanvasi, ulikuwa umepinda upande wa kushoto na kushuka.

Nikakiweka kitambaa chini.

Sikusubiri. Nikachukua brashi ndogo. Nyekundu na nyeusi kwa ule mstari wa katikati. Mdomo wa chini njano kidogo, nyekundu, nyeupe tone, maana kwa baba ulikuwa na ukavu wa kupasuka katikati. Upande ulioshuka hauna nguvu, kwa hiyo kingo zake hazikatwi, zinaachwa zififie. Na pale kwenye kona kabisa, palipokuwa na unyevu siku zote, nyeusi na nyeupe, alama moja, ikang'aa bluu. Saa moja na nusu. Miezi kumi na moja nimepigana na kitu cha saa moja na nusu. Nililia huku nachora, kamasi na kila kitu, na sikuacha kuchora.

Hakupendeza. Si baba wa kutundika sebuleni mbele ya wageni. Ni mzee mgonjwa aliyevaa koti lake la kazi, anajitahidi kukaa wima, mdomo umemsaliti na macho yanajua. Nilipomaliza nikaanza kuogopa. Mama ndiye aliyesema asiachwe duniani hivyo, na mie nimemwacha duniani hivyo hivyo, kwa rangi za mafuta zitakazodumu kuliko sote.

Mama alirudi kama saa kumi na moja, na mfuko wa mchicha. Nikasikia ndala zake uani. Nilitaka kuigeuza picha ukutani, nikachelewa. Akaja, akauweka mchicha chini, akasimama pale anaposimamaga.

Nikawa nasubiri "bado". Nilijiandaa nalo kabisa.

Mama alisogea mbele, akashika ncha ya kanga aliyojitanda, akaizungusha kidole, na akamfuta baba kona ya mdomo.

Hivyo tu. Kama mtu aliyekuwa anapita akaona mumewe ana mate.

Alipotoa mkono rangi ilikuwa kwenye kanga, na kwenye picha ile alama yangu ya kung'aa imevutwa ikawa mkwaruzo mwembamba kuelekea kidevuni. Tukatazamana. Akatazama kanga yake. Niliona anaanza kuelewa alichofanya, na midomo yake ikaanza kucheza, nikadhani atalia. Akapumua puani kwa nguvu, mara mbili. Alikuwa anacheka. Anacheka kama baba.

"Ndiye huyo," akasema.

Nikamwambia, mama, rangi hii haitoki kwenye nguo, ngoja nikuletee thina haraka. Akakataa kwa mkono. Nikamuuliza hatasikitika watu wakimwona vile Jumapili. Akasema, "Mie nilikuwa namwonea aibu. Yeye hakuwahi kuona aibu kwangu." Akaokota mchicha wake.

Ule mkwaruzo sijaurekebisha. Siurekebishi. Deo akiuliza nitamwambia ni mkono wa mama.

Picha imekwisha, shajara. Kabisa. Jumapili itatundikwa sebuleni hivyo ilivyo, na Mzee Maganga atakula pilau akiwa hai, na jogoo wake nitamtafuta kesho. Nimeshamwandikia Rehema: "Nakuja Jumatatu, usimpe mtu chumba." Kajibu kwa vigelegele. Nimeziweka tyubu zangu nne kwenye begi. Nyeupe imebaki kidogo, nyeusi ipo ya kutosha. Nilitegemea nikifika hapa nitajisikia mwepesi.

Mama alitoka tena ndani nilipokuwa naandika ile aya ya Tandale. Akakaa kwenye kigoda alichokuwa anakalia Mzee Maganga, uso ameuelekeza kwenye mwanga wa uani, hivyo hivyo ninavyowapangaga watu. Halafu akasema, bila kunitazama, "Na mie unichore basi, Skola. Kabla mdomo wangu haujapinda."

Nilijifanya naandika. Akaingia ndani.

Sasa hivi namsikia anafungua sanduku. Anapekua. Ananiuliza kwa sauti kutoka chumbani avae kanga ipi.

Nimemwambia, hiyo hiyo yenye rangi, mama.

Sasa nani alinituma nijibu, na tyubu zimeshaingia begini?